Wewe, Shuhudia

Jost Gibbel alipotamka kwamba ng'ombe wake wote ni wa Salome, kikombe cha maji kilimponyoka Salome mkononi kikapasukia sakafuni, na hakuna aliyeinama kuokota vigae. Mbali na mgonjwa, chumbani mlikuwa na watu wanne. Nimewasikiliza wote, mmoja mmoja na kisha pamoja, na kuhusu kikombe kile hawapingani.

Bondeni kwetu ng'ombe huenda kwa mwana wa kiume. Asipokuwepo mwana, huenda kwa mume wa binti. Salome hakuwa mwana wala binti. Alikuwa mjane wa Cyrus, mwana mdogo wa Jost, aliyeangukiwa na mwaloni kabla hajapata mtoto. Baada ya mazishi watu walitarajia angerudi kwao. Hakurudi. Alibaki kwa baba mkwe wake, akakamua, akatengeneza siagi na jibini, akavipeleka sokoni, na kwa miaka sita majirani walimhesabu kama moja ya samani za nyumba ile.

Mwana aliyebaki hai alikuwa Gideon, naye alikuwemo chumbani. Alisimama upande wa kichwani mwa kitanda, nyuma ya ubao, mgongo ukigusa ukuta. Hakusimama pale kwa heshima. Alisimama pale ili baba yake asilazimike kumwona.

Gideon alikuwa ametengwa na kanisa. Miaka tisa nyuma alikuwa amegombana na muumini mwenzake juu ya maji yanayozungusha kinu chake cha unga, akampeleka mahakamani, akashinda. Katika kanisa letu la Ndugu, muumini hamshtaki muumini. Aliitwa mbele ya kusanyiko akiri kosa.

“Nikiri kosa gani?” aliuliza. “Hakimu amesema maji ni yangu.”

Akatengwa. Na mtu aliyetengwa watu hawali meza moja, wala hawapokei kitu kutoka mkononi mwake. Kanuni inaishia hapo, lakini Jost hakuishia hapo. Aliacha kabisa kusema na mwanawe. Gideon alipopita nyumbani kwa shughuli yoyote, mzee alimgeukia Salome.

“Salome, mwambie mtu wa kinu afunge mlango, baridi inaingia.”

“Baba, yuko hapo, amekusikia.”

“Sijasema naye. Nimesema nawe.”

Gideon naye hakuwa na adabu zaidi. Alifunga mlango, kisha akasema, “Salome, mwambie mzee mlango umefungwa.”

“Nyie wawili mtaniua kabla ya siku zangu,” Salome alikuwa akiwaambia. “Iko siku nitahama, tuone nani atawapelekea salamu kutoka kiti hiki mpaka kile.”

Hawakucheka. Yeye ndiye aliyecheka, peke yake, kisha akarudi kwenye maziwa yake.

Mwezi wa kumi, mwaka 1858, Jost alinyeshewa akiwa shambani kwenye mahindi, akashikwa na homa ya mapafu. Alitumwa mtu kumwita mwandishi wa wasia kutoka ng'ambo ya kijito. Kijito kilikuwa kimefurika, daraja limezama, mwandishi akageuza farasi. Kwa hiyo mzee alisema kwa mdomo kile ambacho kingeandikwa. Waliomsikia ni Salome, Gideon, Ndugu Emanuel Royer, ambaye ni jirani na mhubiri wetu, na Dada Fronica Zug, anayeuguza watu wa bonde zima na kuwaosha wakifa.

Maneno yenyewe nayajua kwa sababu mimi ndiye niliyeyaandika. Mimi ni mwalimu wa shule ya njia panda, na sheria inataka wasia wa mdomo uwekwe kwenye karatasi haraka, kabla kumbukumbu hazijaanza kupambwa. Emanuel alinijia siku iliyofuata mazishi, akayatamka polepole, nikayaandika:

“Shamba sheria inajua pa kulipeleka. Ng'ombe wote watano ni wa Salome, na vyombo vyote vya maziwa, na nyasi kavu za kuwafikisha majira ya kuchipua.”

Kisha mzee akainua macho. Akasema:

“Wewe, shuhudia.”

Hakusema tena. Alikata roho alfajiri.

Lazima nieleze kwa nini neno hilo la mwisho lilikuwa na uzito kuliko yote yaliyolitangulia. Wasia wa mdomo hauwezi kugawa ardhi, kwa hiyo shamba lilikuwa la Gideon bila ubishi. Unaweza kugawa mali inayohamishika. Lakini mali hiyo ikizidi dola mia, na ng'ombe watano wazuri wanazidi, sheria yetu ya Pennsylvania inataka mashahidi wawili wathibitishe kwamba marehemu aliwaambia waliokuwepo, au baadhi yao, washuhudie kwamba huo ndio wasia wake. Asipowaambia, alichosema ni mazungumzo tu ya mgonjwa.

Salome hakulijua hilo mpaka Gideon alipokuja zizini jioni moja, wiki ile ile ya mazishi. Alimkuta kwenye kigoda, paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe.

“Shemeji, usijisumbue sana,” alisema. “Nimeupinga wasia. Nitawachukua ng'ombe kesi ikiisha.”

“Utawachukua uwapeleke wapi? Ng'ombe hawa wakikuona wanadhani umeleta pumba.”

“Ni ng'ombe wa baba yangu.”

“Baba yako amesema ni wangu. Ulikuwepo, Gideon. Au masikio uliyaacha kinuni?”

“Nilisikia kila kitu. Nilisikia na alivyomalizia. Sheria inataka awaambie watu: shuhudieni. Baba hakusema shuhudieni. Alisema shuhudia.”

Salome aliacha kukamua. “Sasa ndiyo nini? Mtu anakufa, wewe unamhesabia silabi?”

“Wakili wangu ndiye anayehesabu.”

“Basi alimwambia nani?”

“Mungu,” alisema Gideon. “Alikuwa anaomba. Na Mungu haitwi mahakamani.”

Salome alinisimulia kwamba alibaki na chuchu mkononi, hawezi kuvuta wala kuachia, mpaka ng'ombe akampiga na mkia usoni. Hasira haikumjia. Kilichomjia ni mshangao, kwa sababu alijua jambo lile ni kweli. Yeye pia alikuwa amesikia “shuhudia”.

Kilichokuwa hatarini si kigumu kueleza. Emanuel alikuwa amemwahidi kijumba cha mawe na malisho kando ya kijito, kodi ilipwe kwa siagi. Akiwa na ng'ombe watano, Salome angeishi humo bila kumwomba mtu chumvi. Bila ng'ombe, alikuwa na kaka yake kule Tulpehocken, mwenye watoto tisa na mke asiyetoka kitandani. Kaka alikwishatuma ujumbe kwamba godoro la jikoni liko tayari, na kwamba aje na aproni zake mwenyewe.

Shauri lilisikilizwa mjini, katika ofisi ya msajili wa mirathi. Msajili aliitwa Ambrose Tilghman, mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kuuliza swali lile lile mara tatu kwa sauti ile ile. Hakujua Kijerumani chetu hata neno. Mimi niliitwa kuwa mkalimani. Gideon alikuja na wakili, Bwana Pruett, kijana aliyevaa skafu ya hariri. Salome alikuja na Emanuel na Fronica tu, kwa maana Ndugu hawakodi mawakili. Wala hawaapi. Msajili alipowasogezea Biblia waliikataa kwa kutikisa kichwa, wakathibitisha kwa neno lao, kama sheria inavyowaruhusu.

Fronica alitangulia.

“Ulikuwa karibu kiasi cha kumsikia marehemu?” msajili aliuliza.

“Bwana, nilikuwa namfuta jasho. Ningekuwa karibu zaidi ningekuwa ndani ya shuka.”

Nilitafsiri hivyo hivyo. Karani akainamisha uso.

“Alikuwa na akili zake?”

“Kuliko wengi walioko humu. Asubuhi yake aliniambia supu yangu haina chumvi, na kweli haikuwa nayo.”

Akayarudia maneno ya Jost kama Emanuel alivyonipa. Nikayatafsiri mpaka la mwisho. Sasa, Kiingereza kina neno moja tu la kumwita mtu mmoja na la kuwaita watu mia. Kijerumani chetu kina mawili. Nilitafsiri kwa usahihi, na katika usahihi ule tofauti ikapotea. Msajili aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akachovya kalamu. Kwa upande wake wasia ulikuwa umetimia: mzee alisema, akataka washuhudie, basi.

Bwana Pruett akasimama.

“Namwomba mkalimani atuambie. Katika lugha aliyoitumia marehemu, neno lile ni la mtu mmoja au la wengi?”

“La mmoja,” nilisema.

“Hakuna shaka?”

“Hakuna.”

Kalamu ya msajili ilirudi kwenye kidau cha wino. Emanuel akageuka kunitazama, kisha akajitazama mikono. Aliitwa mbele.

“Bwana Royer,” Pruett alianza, “neno lile alikuambia wewe?”

Wapo ambao wangesema ndiyo. Emanuel alimpenda Salome kama mwanawe, na sentensi moja tu ingemaliza kesi.

“Hapana,” alisema. “Nilikuwa nimesimama miguuni pake. Hakunitazama.”

“Alimwambia Bibi Zug?”

“Dada Fronica, Jost alimwita kwa jina hata akitaka maji. Hakumwita.”

“Alimtazama nani?”

“Alitazama juu.”

“Juu,” Pruett alirudia, akaliacha neno lining'inie. “Na ninyi, Ndugu, mkimwita Mungu, mnatumia neno lipi? La mmoja au la wengi?”

“La mmoja. Mungu ni mmoja.”

“Ahsante. Mheshimiwa, mzee huyu alikufa akiomba. Tunaiheshimu sala yake. Lakini sala si wasia.”

Aliketi. Gideon, pembeni yake, hakuonyesha furaha. Alikuwa anatazama kofia yake. Salome aliniuliza kwa kunong'ona, “Imeisha?” Nikamwambia sijui. Usoni alikuwa kama mtu aliyeteleza ngazini na bado hajagusa chini.

“Juu wapi?” msajili aliuliza.

Pruett akainuka nusu. “Mheshimiwa?”

“Juu ni mahali pakubwa. Juu wapi?”

Nikatafsiri. Emanuel akasema juu tu, kama mtu anavyotazama juu. Msajili akauliza tena, kwa sauti ile ile. Kisha akafanya jambo ambalo mimi, katika miaka yangu ya kukalimani, sijaliona tena. Alivua koti. Akamwamuru karani avute benchi katikati ya chumba. Akalala juu yake chali, tumbo juu, buti zikitokeza upande mmoja, kitabu cha sheria chini ya kisogo badala ya mto.

“Kila mtu asimame alipokuwa,” alisema kutoka kule chini.

Tulitazamana. Emanuel akaenda miguuni. Fronica akashika upande wa kushoto, na kwa mazoea akakunja leso yake tayari kufuta jasho. Salome alisimama kulia, mikono mitupu.

“Na Bwana Gibbel? Naambiwa alikuwepo.”

“Mteja wangu ni mdai, si shahidi,” Pruett alisema.

“Sijamwomba ushahidi. Nimemwomba asimame.”

Gideon akaenda akasimama kichwani mwa benchi, karibu na ukuta.

“Haya,” msajili alisema. “Natazama juu. Naona dari, na dari hii inahitaji chokaa. Hivi ndivyo alivyotazama, mama?”

Fronica aliinama akamchunguza bila haya, kama anavyowachunguza wagonjwa wake. “Hapana, bwana. Zaidi.”

“Hivi?”

“Zaidi. Macho yalienda nyuma mpaka weupe ukaonekana chini ya mboni. Mimi nikajua anakwenda. Nikasema moyoni, haya, ndiyo hiyo.”

“Hivi?”

“Hapo. Hapo hapo, bwana, usitikisike.”

Msajili hakutikisika. Alikaa vile kwa muda, shingo imejaa, uso unaanza kuwa mwekundu.

“Sioni dari tena,” alisema. “Namwona Bwana Gibbel. Kichwa chini, miguu juu. Naona kidevu chake na matundu ya pua.”

Karani alicheka, kisha akaacha katikati. Hakuna mwingine aliyecheka. Nilitafsiri kwa ajili ya Fronica, ambaye Kiingereza kinampita, na kabla sijamaliza akaweka leso mdomoni.

“Haiwezekani,” Emanuel alisema.

Msajili akajiinua kwa msaada wa karani. “Nini hakiwezekani?”

“Jost kusema na huyu. Alitengwa. Miaka tisa Jost hakumpa neno. Nilikula kwake, nilisali naye, nimeona kwa macho yangu. Asingevunja hilo kitandani pa mauti, zikiwa zimebaki saa chache amwone Muumba wake. Alimwita Mungu. Ninathibitisha.”

“Ndugu Emanuel!” Salome alisema.

“Dada yangu, sitamtia Jost dhambini kwa ajili ya ng'ombe.”

“Kwani kusema na mtoto wako ni dhambi? Kanuni inasema meza. Imesema meza, haikusema mdomo!”

“Jost alisema mdomo. Aliweka nadhiri mbele yangu. Nadhiri ni nadhiri.”

Basi hali ilikuwa hii, na naiandika kama ilivyokuwa kwa sababu nimesikia ikisimuliwa ovyo. Shahidi mkuu wa Salome alikuwa anang'ang'ania jambo litakalomnyang'anya Salome kila kitu, kwa kulinda heshima ya rafiki yake aliyekufa. Wakili wa upande wa pili alikuwa anaitikia kwa kichwa kumuunga mkono. Pruett, ambaye nadhani hajawahi kupiga goti kanisani kwetu, alisema kwa sauti ya upole kwamba si vema kumvunjia marehemu nadhiri yake.

Msajili alikuwa anavaa koti. Mkono mmoja ukiwa bado haujaingia, akauliza, “Macho yake yalikuwa wazi?”

“Wazi kama ya samaki,” alisema Fronica.

“Ninyi huomba macho wazi?”

Emanuel alimtazama Fronica.

“Bwana Royer. Ninyi huomba macho wazi?”

“Hapana.”

“Umewahi kumwona marehemu akiomba macho wazi?”

“Hapana,” alisema Emanuel, na safari hii alilazimika kukaa.

Msajili akaufikisha mkono wa pili ndani ya koti. Akamgeukia Gideon, ambaye hakuwa ameondoka kichwani mwa benchi. Hakukuwa na mtu tena juu ya benchi, lakini Gideon alikuwa bado anatazama chini, pale penye kitabu cha sheria.

“Bwana Gibbel, baba yako alikutazama?”

“Usijibu,” Pruett alisema. “Huna wajibu wa kujibu.”

“Hana,” msajili alikubali. “Mdai haruhusiwi kujisemea. Lakini kama analo la kusema dhidi ya mali yake mwenyewe, nitalisikiliza.”

Asubuhi nzima Gideon alikuwa amesema Kiingereza, tena kizuri. Tangu atengwe alikuwa hataki kusikika mjini akisema lugha ya nyumbani. Sasa alijibu kwa lugha ya nyumbani, ikabidi nitafsiri.

“Alinitazama,” alisema. “Nilidhani ni macho tu yanageuka. Watu wakifa macho hugeuka.”

“Na alipotamka neno lile?”

Gideon alishika ukingo wa benchi. Sikumhimiza, na msajili hakurudia swali, ingawa ilikuwa desturi yake. Kila mmoja chumbani alikuwa ameshaona lilivyokaa. Ikiwa mzee alisema na Mungu, ng'ombe ni wa Gideon, na baba yake alikufa bila kumpa neno. Ikiwa alisema na Gideon, basi baba yake aliivunja miaka tisa kwa ajili yake, na ng'ombe ni wa Salome. Hakuna njia ya tatu iliyompa vyote viwili. Nilitafuta hiyo ya tatu mwenyewe, kwa mazoea ya kazi, sikuiona.

“Gideon,” Pruett alisema, kwa mara ya kwanza bila “Bwana”, “fikiri. Wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza habari ya umoja na wingi. Wewe ndiye uliyeniambia ilikuwa sala.”

“Nilikuambia.”

“Basi!”

“Nilikuambia kwa sababu haikunijia kwamba kuna mtu mwingine wa kuambiwa.” Akavuta pumzi. “Tulikuwa watano. Nilihesabu wanne. Sikujihesabu.”

Nilitafsiri. Msajili akaniomba nirudie, nikarudia.

“Alisema nawe, basi?”

“Alisema nami.”

“Muulize tena,” Pruett aliniambia kwa haraka. “Huenda hakuelewa swali.”

Nikamuuliza tena, taratibu, kwa maneno mengine.

“Nimeelewa, mwalimu,” Gideon alisema. “Alisema wewe. Wewe huyo ni mimi. Alitaka mimi ndiye niseme ng'ombe ni wa Salome, kwa sababu nikisema mimi hakuna atakayebisha. Nami nikaenda kumtafuta wakili.”

Fronica alianza kulia kwa sauti, bila kujizuia, kama afanyavyo mazishini. Emanuel alikuwa amefunika uso kwa viganja. Sikuweza kujua kama anamlilia rafiki yake kwa nadhiri iliyovunjwa au anaomba. Kama alikuwa anaomba, macho yake yalikuwa yamefumba.

Salome ndiye aliyenishangaza. Nilidhani atashukuru. Badala yake alimkaribia Gideon, akamtazama kwa ukali.

“Una hakika? Usije ukanipa kwa huruma halafu kesho ukasema nilikuloga.”

“Shemeji, sijawahi kukuhurumia.”

“Hilo ni kweli,” alisema Salome, na ndipo akakaa juu ya benchi alilolalia msajili.

Pruett alijaribu la mwisho. Alisema sheria inataja “watu”, si mtu. Msajili akachukua kitabu chenyewe kutoka kwenye benchi, akimwomba Salome radhi, akasoma kwa sauti: waliokuwepo, au baadhi yao. Akasema mmoja kati ya wanne ni baadhi. Akasema mashahidi wawili tayari wameeleza maneno na macho, na wa tatu ameeleza alivyoambiwa, naye ndiye mwenye hasara, kwa hiyo hana sababu ya kudanganya. Wasia ukakubaliwa. Kama Bwana Gibbel anataka kukata rufaa, mlango uko wazi.

“Sitaki,” Gideon alisema, kwa Kiingereza.

Nilitoka nyuma yake kwa sababu nilikuwa nakwenda kumfungua farasi wangu. Mke wake, Lavina, alikuwa anamngoja kwenye gari la farasi mbele ya ofisi. Lavina si mtu wa kanisa letu. Ni binti wa mjini, mwenye akili ya biashara. Alikuwa amekuja na kamba tano mpya, zimekunjwa vizuri, ziko kwenye kiti pembeni yake.

“Wangapi?” aliuliza.

“Hata mmoja.”

“Hata mmoja? Gideon! Si wakili alisema hawana kitu mkononi? Nani amewapa?”

“Mimi.”

Lavina alimtazama, kisha akanitazama mimi, kana kwamba ningeweza kumtafsiria.

“Mimi nimeingia hasara ya kamba,” alisema, “na wewe umeingia mle ukawagawa ng'ombe? Unaumwa?”

“Baba alisema nami,” Gideon alimwambia.

“Lini?”

“Usiku ule.”

“Alisemaje?”

Gideon akamwambia. Alimwambia kwa Kijerumani kwanza, halafu, kwa kuwa Lavina hakuelewa, akatafuta namna ya kulisema kwa Kiingereza, na hakuipata. Alianza mara mbili akaacha.

“Ni hayo tu?” Lavina aliuliza. “Maneno mawili?”

“Mawili.”

Alipanda, akazisogeza kamba apate kukaa, akashika hatamu. Farasi alingoja. Gideon hakumpa ishara ya kuondoka. Walikuwa bado wamekaa pale, mke akimsemesha na mume ameshikilia hatamu, nilipogeuza farasi wangu kuelekea bondeni.